Koni ya Mzee Vernon

Hakuna mtu aliyewahi kuhamia Skelbeck kwa mapenzi. Watu huhamia Skelbeck kwa sababu wamezunguka Leeds wakashindwa, wamezunguka Manchester wakataka kuzimia, halafu wakafungua simu wakaona nyumba ya vyumba viwili yenye kuta za mawe meusi, na bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuitaja bila kushika kifua. Kisha wanaona pana stesheni. Basi, wamekwisha. Wanakuja na masanduku yao, wanaambiana kwamba wamefuata hewa safi, na Jumatatu asubuhi wanasimama kwenye baridi wakisubiri treni ambayo imeshafutwa. Mimi na mume wangu tulikuja hivyo hivyo, na hewa safi tuliitaja sana.

Vernon Haigh hakuhamia. Alizaliwa hapa hapa mtaani kwetu Inkerman, katika nyumba ileile anayokaa mpaka leo, na huwakumbusha wageni jambo hilo utadhani kuzaliwa ilikuwa kazi aliyoifanya mwenyewe. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha mazulia kule bondeni, mpaka kikafungwa. Sasa kiwanda kimegeuzwa fleti za watu wa treni, wale wenye baiskeli za kukunja. Vernon akipita pale hutangaza kwa sauti kwamba sebule ya yule mwanasheria wa ghorofa ya kwanza ilikuwa choo cha wanaume. Mwanasheria keshamsikia zaidi ya mara moja.

Ni mtu mfupi, masikio makubwa, kofia ya kitambaa haimtoki, na miguuni ndara za manyoya hata kukiwa na theluji. Macho yameingia ukungu. Mtu akisimama mbele yake anaona umbo tu, halafu anangoja sauti. Daktari alimkataza kuendesha gari, gari likauzwa, na Vernon akanuna majira mawili mazima. Lakini koni hakuiondoa.

Naisema koni ya barabarani, ile ya plastiki ya rangi ya chungwa ambayo mafundi huiweka penye shimo. Aliipata wapi? Mtaa mzima unajua kwamba aliiba, na mtaa mzima ungeapa mahakamani kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Huwa inakaa barabarani mbele ya mlango wake. Barabara ni ya serikali, na hata Vernon analijua hilo. Ila huku kwetu mtu akiweka koni mbele ya nyumba yake, au kiti kibovu, au pipa la taka, pale ni pake. Unaweza kumtukana mwenye koni. Unaweza kumsengenya, ukamnunia mpaka mmoja wenu afe. Kuisogeza, hapana. Siku tuliyohamia, dereva wa lori letu, mtu wa kusini huko, aliisukuma kwa mguu ili apate pa kushushia kabati. Vernon alitoka, akaiokota, akaipangusa kwa mkono wa sweta, akairudisha mahali pake, halafu akasimama kando yake mpaka lori likaondoka. Kabati letu tulilibeba kutoka mwisho wa mtaa.

Siku hizo mkewe Mavis alikuwa hai, na ndiye aliyeniletea chai. "Usimjali, mpenzi," aliniambia. "Ni mjinga lakini hang'ati." Huku kila mtu ni mpenzi. Muuza tiketi atakuita mpenzi, fundi bomba atakuita mpenzi. Wiki ya kwanza mume wangu alitaka kumng'oa kondakta wa treni meno.

Mavis alipofariki, ndipo koni ilipoanza kazi nyingine.

Walijaliwa binti mmoja, Janine. Huyu aliolewa ng'ambo ya milima, Lancashire, na kwa mtu wa Yorkshire kama Vernon hilo ni jambo la kusemwa polepole, mlango ukiwa umefungwa. Siku ya maziko, tukiwa kwenye ukumbi tunakula mikate ya nyama, Janine alimwambia baba yake auze nyumba ahamie kwake. Alisema kwa upole, nilikuwepo. Vernon akajibu mbele ya watu wote kwamba bora wamzike leo leo na mkewe kuliko kulala usiku mmoja Lancashire. Janine akasema mama yake aliishi maisha yake yote na mtu asiyesikia la mtu. Vernon akaweka kikombe chini.

"Usikanyage kwangu mpaka uje uniombe radhi."

"Nikuombe radhi kwa lipi?"

"Utalijua."

Janine akachukua mkoba wake akaondoka, hata koti alilisahau. Vernon alilichukua, akalitundika kwenye ndoano nyuma ya mlango wake, na ole wake ambaye angelitundikia kitu juu.

Kumpigia simu binti yake alikuwa hataki. "Namba yake ninayo," alisema. "Na yeye yangu anayo." Kila nilipojaribu kumweleza kwamba watu wawili wenye namba wanaweza kuzeeka hivyo hivyo, aliniuliza kama nyumbani kwangu kumekwisha kazi.

Lakini wiki ile ile baada ya maziko niliona kaisogeza koni. Akaipeleka mbele kidogo, ikala nusu ya mbele ya nyumba ya jirani, ambayo wakati ule ilikuwa tupu. Nafasi ikawa kubwa ajabu. Ukimuuliza ni ya nini na gari hana, alisema ni ya watu wa gesi. Ukimuuliza tena, ni ya daktari. Hakuna daktari aliyefika Inkerman kwa miguu yake tangu kiwanda kifungwe.

Siku moja nilikuwa napita na mizigo yangu ya sokoni akaniita. Jina langu ni Mwanaidi, na yeye kwa uvivu ananiita Ida.

"Ida, hebu nitazamie. Hapo gari linaingia moja kwa moja, bila kurudi nyuma? Au siyo?"

"Linaingia hata lori, mzee."

"Vizuri. Maana kuna watu hawawezi kurudi nyuma."

Nikaelewa. Janine alifeli mtihani wa udereva mara nyingi hata aibu kusema, na kila mara kosa lilikuwa moja, kuingiza gari kinyumenyume kati ya magari mawili. Vernon ndiye aliyemfundisha, na mpaka leo anashikilia kwamba kosa lilikuwa la yale magari mawili. Kwa hiyo koni ile ilikuwa inamshikia Janine nafasi, ili siku akija asipate taabu. Mtaa mzima ukalijua hilo na hakuna aliyemtajia. Magari yetu yalipanda juu ya ukingo, yakabanana pembeni, na ile nafasi mbele ya nyumba ya Vernon ikabaki wazi. Wapita njia walidhani bomba limepasuka chini yake.

Halafu akaja Tristan.

Alitoka London, kijana wa ndevu zilizochongwa na suruali isiyofika vifundoni, akanunua ile nyumba tupu. Kazi yake ni ya kompyuta, siku nyingine anafanyia jikoni kwake, siku nyingine anapanda treni kwenda Manchester, ikiwapo. Si mtu mbaya. Kosa lake ni kwamba anaamini kila jambo linaweza kuzungumzwa. Wiki ya kwanza tu alitufungulia kundi la WhatsApp la majirani, akatukaribisha tueleze hisia zetu kuhusu mtaa. Hakuna aliyeandika kitu. Mwishowe Pauline alituma picha ya paka.

Na Tristan alikuja na gari la umeme. Gari lile lazima lichajiwe kwa waya kutoka dirishani kwake, na waya ulikuwa unafika mahali pamoja tu.

Nilikuwa mlangoni kwangu nafagia asubuhi ile aliyokwenda kugonga kwa Vernon. Niliendelea kufagia palipokwisha kuwa safi.

"Habari za asubuhi, Bwana Haigh. Nilikuwa naomba tuzungumze kuhusu koni."

"Zungumza nayo. Hiyo hapo."

"Gari langu ni la umeme, sasa waya haufiki."

"Nunua waya mrefu."

"Ukipita njiani watu watajikwaa."

"Basi nunua farasi."

Tristan akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake. "Lakini kwa heshima zote, Bwana Haigh, wewe huna gari."

"Na wewe huna soksi. Nimekusema?"

"Kisheria hii ni barabara ya umma."

"Sheria hiyo ipo London. Ifuate." Na mlango ukafungwa.

Kijana akabaki pale ananitazama mimi. Ningeweza kumweleza habari za Janine, lakini nilimtazama na vifundo vyake vya wazi kwenye baridi ile, nikaona nisimharakishie elimu. Akawa analipeleka gari lake kuchaji kwenye mashine ya umma kule chini karibu na duka la samaki na chipsi, halafu anapanda kilima kwa miguu kama sisi wengine. Nitamsifu kwa jambo moja. Koni hakuigusa, ingawa kwa mtu wa kusini lile lilikuwa jambo dogo sana. Alisema anasubiri muafaka.

Jirani wa Vernon upande wa pili, wa ukuta mmoja, ndiye huyo Pauline wa paka. Pauline Sykes hahitaji televisheni, ana dirisha. Pazia lake la wavu limechakaa mahali pamoja tu, usawa wa jicho la kulia. Ukipiga chafya nyumbani kwako, ukifika stesheni utaulizwa mafua yanaendeleaje. Hajawahi kuweka neno tumboni likalala. Mumewe aliyekuwa mgonjwa alijua anakufa baada ya muuza mkate, maana Pauline alikutana na muuza mkate kwanza.

Ikafika siku ya Vernon ya kuzaliwa, kutimiza themanini, ikaangukia Jumapili. Hakumwalika mtu. Alisema tu dukani, kwa sauti ya kutosha kuvuka milima, kwamba Jumapili atakuwepo nyumbani kutwa. Nilipokwenda mchana na mahamri yangu, ambayo yeye anayaita maandazi yasiyo na jamu, nilimkuta kanyoa mpaka kajikata, kavaa tai, na nywele chache zilizobaki kazilaza kwa maji. Mezani kulikuwa na keki ya Pauline, vikombe vizuri vya Mavis, na pai kubwa la nguruwe, ambalo mimi siligusi na yeye kila mwaka ananikaribisha upya.

Kilichonichoma roho ni koni. Ilikuwa imeoshwa. Rangi yake iliwaka pale nje kwenye manyunyu, na mkanda wake mweupe ulikuwa mweupe kweli.

Vernon alikaa kwenye kiti cha dirishani, dirisha asiloona nje yake.

"Kuna gari, Ida?"

"Hakuna, mzee."

"Mvua hii. Kule milimani barabara inateleza."

"Inateleza sana."

Pauline akaingia bila kubisha, kama kawaida yake. "Wewe zee, umejipulizia nini? Nyumba nzima inanuka msikiti wa Ida."

"Msikiti wangu haunuki hivyo," nikamwambia.

"Kuna gari?" akauliza Vernon.

Tukakaa. Tukanywa chai, tukanywa nyingine. Kila gari lililopanda kilima Vernon alinyanyua kidevu, na lilipopita akakishusha. Mimi nilikuwa na hasira, na nitasema wazi ilikuwa juu ya nani. Ilikuwa juu ya yule mwanamke. Mtu ana baba mmoja, mzee, nusu kipofu, na njia yenyewe ni mwendo wa kusikiliza taarifa ya habari moja. Nilishamwandalia moyoni maneno ambayo mama yangu angenipiga kwa kuyajua.

Nikasimama kupeleka vikombe jikoni, na kupitia dirishani nikaona gari jekundu likipanda taratibu. Likafika mbele ya nyumba. Likasimama sambamba na koni, injini inaguruma, maji ya mvua yanachuruzika kiooni.

"Kuna gari," akasema Vernon. Macho hana, masikio anayo.

Likasimama kidogo tu. Kisha likaondoka polepole, likaenda kuzunguka mwisho wa mtaa ili literemke kilima.

"Watu wa kutafuta nyumba tu," akasema Pauline.

Vernon akarudisha kidevu chini. Na kweli, mtaani kwetu gari geni likisimama polepole mbele ya nyumba huwa ni wanunuzi, watu walioshindwa Leeds wanaokuja kuchungulia kama mtaa una wendawazimu wangapi. Hatuwageukii hata kuwatazama. Lakini Pauline alinifuata jikoni, akaanza kukausha kikombe ambacho sikuwa nimekiosha bado.

"Huyo wa gari jekundu hana haya," akaninong'oneza. "Si anunue moja kwa moja? Kila mara anakuja, anasimama palepale, hata kioo hashushi uso ukaonekana, anatazama, anaondoka zake. Alikuja Krismasi. Alikuja ile Jumapili ya Sikukuu ya Mama. Alikuja theluji ikianguka, nikasema huyu kweli kapenda nyumba. Alikuja..."

Kikombe kikabaki kimesimama hewani na kitambaa ndani yake.

"Pauline," nikasema, "Mavis alikufa lini?"

"Theluji ikianguka," akasema Pauline. Kisha akakaa kwenye ngazi ya jikoni kama mzigo uliokatwa kamba.

Sikungoja. Nilipita sebuleni, Vernon akauliza naenda wapi nikiwa nimeshafika mlangoni. Nikatoka na ndara zake za manyoya, maana viatu vyangu sikuviona, nikashuka kilima kile mbio na umri huu na uzito huu, kitambaa cha kichwa kimeangukia mabegani. Gari jekundu lilikuwa linafika chini, penye duka la chipsi. Na nani alikuwa pale anachomoa waya wake kwenye mashine? Tristan.

"Tristan!" nikapiga kelele. "Hilo jekundu! Lisimamishe!"

Namsamehe suruali zake zote kwa aliyoyafanya. Hakuuliza kwa nini, hakutaka muafaka. Aliingia katikati ya barabara na mikono yake miwili juu, waya bado uko mkononi, na gari likafunga breki karibu na magoti yake. Kioo kikashuka na matusi ya Lancashire yakatoka.

Nilipofika sikuwa na pumzi. Mwanamke aliyekuwa usukani alikuwa na masikio ya Vernon, na macho mekundu ya kulia.

"Janine," nikasema. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Umekuja kufanya nini, basi?"

"Nilikuja kumwona baba. Ana mgeni." Akapangusa pua. "Kila nikija ana mgeni."

"Mgeni gani?"

"Sijui! Gari hana, na koni iko pale. Si kamwekea mtu? Nilidhani kapata mwanamke." Akanitazama kwa wasiwasi. "Si wewe?"

Nikamwambia nina mume na ana wivu hata na makondakta.

Tristan akainamisha kichwa dirishani, mpole kama kawaida. "Samahani kuingilia. Kwa nini usingeisogeza tu?"

Janine akamgeukia. Sijawahi kuona machozi yakikauka haraka vile. "Niisogeze koni ya mtu? Wewe umezaliwa wapi?"

"Surrey," akasema Tristan.

"Inaonekana."

Nikamwambia. Nilimwambia yote pale pale kwenye manyunyu na harufu ya mafuta ya chipsi, kwamba koni ni yake, kwamba imesogezwa mbele ili aingie bila kurudi nyuma, na kwamba leo imeoshwa. Alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele. Kisha akasema neno moja ambalo sitaliandika, alilolirithi kwa baba yake, akatupakia mimi na Tristan, akageuza gari.

Lakini kufika pale juu akasimama tena. Yu pale, gari linaguruma, koni mbele yake, na hawezi. Mkono wake ulishika kitasa cha mlango, ukaachia. Nilimwona kwa macho yangu. Amelelewa vizuri mno. Nami, Mungu anisamehe, nimekaa mtaa huu muda mrefu na mkono wangu pia uligoma. Pauline, aliyekwisha kutoka kwa Vernon, alikuwa mlangoni kwake amejishika mashavu, naye hakusogea.

Tristan ndiye aliyeshuka, akaishika koni kwenye ncha yake, akaiburuta.

Plastiki juu ya mawe ina sauti yake, na sauti ile Vernon angeisikia kaburini. Mlango ulifunguka kwa kishindo. Alitoka na fimbo yake na tai yake, miguuni soksi tupu kwa kuwa ndara zake nilikuwa nimezivaa mimi.

"Nani anagusa koni yangu?"

"Ni mimi, Bwana Haigh. Tristan."

"Mshenzi wewe! Siku ya kuzaliwa kwangu! Irudishe kabla sijaivunjia kichwani mwako!"

Fimbo ilipigwa hewani, Tristan akainama, na nyuma yao gari jekundu likaingia. Liliingia moja kwa moja, pua mbele, bila kurudi nyuma hata inchi, likakaa pale, na injini ikazimwa. Vernon akaacha fimbo juu. Mlango wa gari ukafunguliwa na kufungwa.

"Baba," akasema Janine.

Vernon aligeuza uso kuelekea ile sauti, akaishusha fimbo polepole.

"Umechelewa," akasema mwishowe. "Chai imepoa."

"Kulikuwa na koni."

"Ilikuwa yako."

"Ningejuaje?"

"Ningemwekea nani? Papa wa Roma?"

"Nilidhani una mwanamke."

"Mwanamke gani anapanda kilima hiki?" Akakohoa. "Ungeisogeza tu, mtoto wee."

"Uliniambia mwenyewe. Koni ya mtu haiguswi. Ulinichapa kwa ajili ya koni ya mzee Dyson."

Hakuna aliyeomba radhi. Nilikuwa nangoja, nilitaka kuona nani ataanza, na mpaka leo nangoja. Vernon alinyoosha mkono akapapasa mpaka akapata mkono wa koti la Janine, akauhisi ulivyolowa, akasema kwa ukali kwamba koti lake jingine liko nyuma ya mlango na aingie alivae kabla hajapata kichomi. Tristan akauliza aiweke wapi koni. Vernon akamwambia mahali pa kuiweka, na ni mahali ambapo haingii kwa urahisi.

Tukaingia. Pauline akachemsha maji upya, akakata keki. Janine alikaa kwenye kiti cha mama yake na lile koti mabegani, akala pai la nguruwe kama hajala tangu maziko. Hata Tristan aliitwa ndani, akapewa soksi. Vernon alikuwa anazungusha kikombe chake mezani. Nilijua yu mbali, anahesabu jambo.

"Umesema ulidhani," akasema ghafla. "Ulidhani nina mwanamke. Kwa hiyo uliiona koni kabla ya leo."

Janine akaacha kutafuna.

"Ulikuja kabla ya leo?"

Janine akatazama sahani yake. Vernon akageuza uso upande wa Pauline, kwa sababu kila mtu wa Skelbeck anajua pa kuuliza.

"Pauline. Wewe mwenye dirisha. Huyu alikuja mara ngapi nami nimekaa hapa?"

Nilimtazama Pauline. Krismasi Vernon alikaa pale na ile kofia yao ya karatasi ya sikukuu kichwani, peke yake. Sikukuu ya Mama alikuwa ameweka maua mezani. Baba na binti, ukuta mmoja na kioo kimoja kati yao, na Pauline nyuma ya pazia lake akiwaona wote wawili. Sasa alikuwa amelikamata neno ambalo lingempa usemi stesheni nzima mpaka kiama. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akamwaga chai kwenye sahani ya kikombe.

"Mara moja," akasema. "Ilikuwa mvua. Nilidhani ni wanunuzi."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu, wewe zee. Ningekosa kuona?"

Vernon akamgeukia binti yake.

"Mara moja, baba," akasema Janine.

Vernon akapumua, akapapasa meza mpaka akaipata sahani ya mahamri, akamsogezea.

"Basi si mbaya," akasema. "Kula hayo. Hayana jamu."